Pikipiki Iliyoshuka Bei Hombo

Kaka Musafiri,

Nimeinunua. Mpya, si okazioni iliyokwisha kutumika kama ile yako. Breki zinashika hata ukizigusa kwa kidole. Nakuambia wewe kwanza, kwa sababu kuna jambo kuhusu bei yake linaninyima raha, na wewe ndiye ungelielewa.

Tangu tukuzike, mke wako analima mashamba ya watu huko Kibabi, na mimi niko huku Hombo nabeba mbao kutoka msituni. Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Niliapa nitarudi na pikipiki ya kufanyia taksi, niwalishe watoto wako, na kwamba haitakuwa imepita mkononi mwa mtu mwingine. Ile yako uliuziwa kwa bei rahisi, ikakuua kwenye mteremko wa Mushaki.

Unakumbuka siku tulipoingia dukani kuangalia tu, hata pesa ya chai hatuna? Uliniambia: "Usiulize bei kwanza, mudogo. Uliza ilipita wapi." Ulitaka muuzaji ataje mwenyewe alicholipa, ushuru wa mpakani, lori, bariyeri za kulipia njiani, ili tujue mahali ambapo hawezi kushuka tena. Kisha ulikaa nje ukiangalia wanaoingia. Walipokuwa wengi ulisema bei haitashuka, ukanivuta mkono, tukaenda zetu.

Huku nimeona ulisema kweli. Machimbo ya madini yalipotoa vizuri, vijana walikuja na pesa mfukoni wakanunua bila kuomba hata matabishi, nyongeza ambayo kila mnunuzi huidai. Bei ikapanda kwa ajili yao. Mvua ilipokata barabara ilipanda tena, maana lori limekwama na dereva lazima ale. Nilimchukia Papa Deo, mwenye duka la pikipiki hapa, lakini nilimwelewa.

Juzi nikaingia kwake. Barabara ni mbaya kuliko zamani, bariyeri zimeongezeka, kwa hiyo nilijiandaa kwa bei ya juu. Nikamuuliza pikipiki ilipita wapi.  Yeye akauliza nina kiasi gani. Nikataja ile bei ya aibu, ya kuanzia tu, ambayo muuzaji lazima aicheke na kukuita mwizi ndipo muanze kuongea.

Hakucheka. Alisema, "Leta."

Kaka, kwa hesabu yangu ilikuwa chini ya kile alichonunulia yeye. Kisha akanipa kofia ya dereva na mkebe wa oili kabla sijaomba. Nikageuka kutazama mlangoni. Hakuna mtu. Hata wale vijana wa kukaa barazani kutwa wakitukana wapita njia walikuwa wameondoka. Nyuma ya duka mke wake alikuwa akifunga magodoro kwa kamba.

Nikauliza kuna nini.

"Weye uko unanunua pikipiki," akasema. "Miye niko natafuta namna ya kutoka. Bakifika, batabeba yote bure."

Nikajua anasema wenye bunduki. Nililipa. Ningefanya nini? Pesa nazo wangezichukua.

Leo maduka mengine yamefungwa. Pikipiki sasa hata ukitaka kuuza hakuna anayeitazama, lakini nafasi juu ya lori inagombaniwa, na wenye malori hawapunguzi hata kidogo.

Pikipiki mpya ikionekana njiani, haifiki. Kwa hiyo nimeipaka matope. Nimechubua tangi kwa jiwe, nimepasua kiti kwa kisu. Mikono ilikataa, kaka. Miaka yote ya mbao, halafu naiharibu mwenyewe. Nilipomaliza nikasimama mbali kuiangalia, nikaogopa, kwa maana inafanana kabisa na ile yako.

Breki pekee sikuzigusa.

Kesho alfajiri naondoka, nipite Walikale, kisha nipande milima ya Masisi. Wanaotoka upande ule hawasemi walichoona. Wanaomba maji, wanaendelea kutembea.

Pumzika, kaka yangu. Sitakwenda mbio, na kwenye kila mteremko nitashika breki mapema, kama ambavyo ile yako haikukuruhusu. Nikifika Kibabi nitapita kwako kabla ya nyumbani. Nitashuka kile kilima cha kaburi lako polepole, ili uisikie ikisimama.

Mudogo wako,
Bahati