Ukurasa wa Nne Hautoki

Etterbeek, Bruxelles
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mjomba wangu, Tonton Éliézer,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Goti linaendeleaje? Na mkeo, Maman Bienaimé, dawa za presha zinamkubali? Mimi ni mzima, ila ujumbe wako wa Jumapili umenichafua roho.

Uliniomba nije Lubumbashi mwezi wa sita, nizungumze kwenye sherehe ya chama chenu mliosoma Moscow. Nilifurahi mno. Sasa unasema nitoe ukurasa wa nne wa hotuba niliyokutumia, la sivyo jina langu linafutwa, eti Warusi hawajawahi kutawala watu ng'ambo ya bahari.

Walitawala, Tonton. Wafanyabiashara wao walivuka hadi Alaska, wakawashika mateka wanawake na watoto wa Waaleuti, wenyeji wa huko, mpaka wanaume walete ngozi za fisi maji. Baadaye ikaja kampuni yenye kibali cha mfalme, na gavana wake, Baranov, akaendelea kuwapeleka wanaume baharini kwa nguvu. Hata Afrika walijaribu: mwaka 1889 kundi lao lilisimika bendera Sagallo, kule Djibouti, likatimuliwa kwa mizinga ya Wafaransa. Mfalme wao mwenyewe akawakana!

Mama naye yuko upande wako. Jana aliniambia, "Mbombo, ile page utoe tu. Ni tonton yako, donc umuheshimie." Dada yako anakuogopa hadi leo.

Najua Moscow ilikupa elimu, ikakupa na lile koti zito ulilonifunika nilipougua malaria. Sikutukani wala simtukani aliyekusomesha.

Lakini ni wewe uliyenisimulia jinsi nyanya yake babu alivyofungiwa ghalani na wakoloni kule Kasai mpaka mumewe alete utomvu wa mpira. Ulilia, nikakuona. Niliposoma habari za wale wanawake wa Alaska nilimwona yeye, na nilikasirika vilevile. Leo unataka ninyamaze kwa sababu aliyewafungia wale ni rafiki yako? Sinyamazi.

Tiketi nimeshakata. Futeni jina mkitaka. Nitakaa mstari wa mbele kabisa, na atakayesema Warusi hawakuvuka bahari ataniona nasimama, hata akiwa ni wewe.

Nisalimie binamu zangu Kazadi na Onésime, na umbusu Maman Bienaimé. Mungu akutunze na akupe usingizi mzuri, hata ukiwa umenikasirikia.

Wako akupendaye, unifute usinifute,
Mbombo