Bega Lililoteleza

Mwenzangu, tangu Jumanne ile tulipomzika dada yetu sijanyoosha mwili hata siku moja. Leo nimerudi kwa mwalimu wa mazoezi. Nakuchapia ujumbe huu kwa mkono mmoja.

Unanijua nilivyo mgumu kama mbao. Leo nimeinama, viganja vikatua sakafuni! Mwalimu akacheka: "Mama mbao, umemeza mpira?" Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Nikamwambia anivute mkono huku akihesabu mpaka ishirini, kama dada alivyokuwa akinivuta. Alipofika tisa, bega likateleza likatoka mahali pake. Tisa tu!

Likarudi lenyewe. Akanipandisha kwenye mizani ile inayopima mafuta na misuli. Kilo nane zimekwenda tangu aliponipima kabla ya msiba, karibu zote misuli. Kicheko kikamkauka.

"Mdogo wangu, misuli ndiyo inayoshikilia kiungo. Hujawa laini, umelegea. Unakula lakini?"

Nikamwambia nakula. Na kweli nakula, hilo ndilo linalonitisha.

Viganja sakafuni, na mimi nafurahi! Unakumbuka dada alivyotamba mbele yetu kwamba siku hizi anajikunja kama mtoto mchanga? Tukampigia makofi. Miezi minne baadaye tukawa tunamgeuza kitandani.

Mama sijamwambia. Na wewe usimwambie.

Kesho saa mbili asubuhi natolewa damu ya vipimo, hospitali ileile alikolazwa dada. Fomu inataka jina la ndugu wa karibu. Nimeandika lako.