Taa Niliyoishusha Haraka

Shemeji yangu mpendwa,

Sijui siku hizi unaamka saa ngapi. Kule Kianda, ndani ya Kibera, ulikuwa unaamka saa kumi na mbili kamili na kuwasha taa ya buluu juu ya tangi kabla hata hujanawa uso. Dada yangu Kalekye alizoea kusema ameolewa na mtu wa wake wawili, na huyo mwingine anaishi ndani ya maji.

Barua hii naiacha wazi, yeyote aisome, kwa hiyo niwaeleze wasiokujua. Ulikuwa umeajiriwa kwenye nyumba moja kubwa ya Lavington, kazi yako kutunza tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Vipande vilivyovunjika mwenye nyumba alikuruhusu uvichukue, pamoja na taa zake kuukuu. Ukavibeba kwa ndoo hadi Kibera, ukaviweka kwenye tangi dogo la kioo, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Mimi ni fundi wa kushona, naishi Gatina. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka, nikakuuliza kama hao wadudu wako wanalipa nyumba.

Habari ya taa ndiyo iliyowagombanisha wewe na Kalekye wiki nzima. Yeye alitaka balbu zote nne ziwe za buluu, kwa sababu chini ya buluu matumbawe yalikuwa yanawaka kijani na rangi ya chungwa, na akitoka kazini jioni alitaka kuona kitu kizuri. Wewe ulisema buluu ni ya macho, nyeupe ndiyo ya kulisha. Mkapatana buluu mbili na nyeupe mbili. Buluu ikaanza asubuhi na kumaliza jioni, nyeupe ikakaa katikati, ili matumbawe yapate kupambazukiwa na kuchwelewa kama yaliyoko baharini. Majirani wakadhani mmefungua baa. Mama mmoja alipiga hodi kuuliza soda ni ngapi.

Halafu kulikuwa na ule mnyororo. Taa uliitundika nao kwenye boriti, na ukileta kipande kipya uliipandisha juu kabisa na kuiwasha saa chache tu. Kila Jumapili baada ya kanisa ulishusha pete moja ya mnyororo, ili kipande kizoee mwanga kidogo kidogo. Nilikuuliza kwa nini usishushe zote tumalize. Ulinitazama kama mtu aliyemtukana mama yako. Siku nyingine nilichomoa waya wa taa ili nichomeke pasi, nguo ya mteja ilikuwa imekunjana. Uliingia ukanikuta. "Mueni, hiyo si taa ya sebule," ulisema. "Hilo ni jua la watu." Ukanigombeza kuanzia hapo hadi chai ikapoa. Ukaniita fundi wa giza, jina ambalo Kalekye alilitumia mpaka alipougua.

Alipokufa hukubadilisha saa za taa. Buluu iliendelea kuwaka jioni, wakati wake wa kutoka kazini. Nilikuwa nakuja Jumapili, tunakaa, tunaangalia tangi, tunagombana kidogo kuhusu sukari kwenye chai. Nasema wazi kwamba zile Jumapili zilinisaidia kuliko mazishi yenyewe.

Ukaja uchaguzi wa Desemba, na fujo za makabila zilizofuata kila mtu anazijua. Wewe ni mtu wa Murang'a na Kianda haikukutaka tena. Majirani watatu walikuja mchana, watu mliokuwa mnakula nao. Ulinisimulia kwamba hawakupaza sauti hata kidogo. Walisema, "Jirani, tunakuomba tu, ni heri uende kwanza." Mmoja alikusaidia kubeba ndoo mpaka barabarani na kukutakia safari njema. Hiyo adabu yao ndiyo iliyokuuma, uliirudia mara tatu.

Ulifika kwangu Gatina na ndoo mbili za maji ya chumvi zenye vipande vitano, na taa mgongoni imefungwa kwa leso ya Kalekye. Lile tangi ulikuwa umeliacha. Tulitafuta jingine dogo, duka la samaki wa mapambo lilikuwa linafunga na mwenyewe akatupatia moja haraka haraka ili aondoke. Ukapiga msumari kwenye boriti yangu, ukatundika taa juu kabisa. Ukaniambia: saa nne kwa siku, pete moja kila Jumapili, hata kama macho yako yanakuambia ni hafifu. Stima ikipotea na pampu ya hewa ikazimika, chota maji kwa jagi na uyamwage humo humo ili yapate hewa. Siku ya pili ukapata gari la kwenda kwa mama yako. Sikukuuliza utarudi lini, kwa sababu nilijua utarudi. Matumbawe yalikuwa kwangu.

Stima ilipotea siku sita. Nilichota maji kwa jagi asubuhi, adhuhuri na jioni, mkono ukawa mzito nikashindwa hata kuongoza nguo kwenye cherehani. Nje mambo yalikuwa mabaya, sitayaandika. Ndani nilikuwa na jagi langu. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba utakuja ukute nimekuulia kitu cha mwisho cha dada yangu ulichobaki nacho.

Stima iliporudi nilifanya kosa. Nilijiambia haya yanakula mwanga, na yamekaa njaa siku sita, basi yashibe. Nikapanda kitini nikashusha mnyororo wote, pete zote, mpaka taa ikakaribia kugusa maji. Nikawasha nyeupe na buluu pamoja, tangu asubuhi hadi usiku, siku nne mfululizo. Mimi mtoto wa Kitui. Kwetu mwaka wa ukame kila mtu anajua aliyekaa na njaa hapewi ugali siku ya kwanza, anapewa uji mwepesi, kikombe kimoja, halafu anangoja. Nyanya angenichapa. Lakini sikufikiria kwamba kitu kisicho na mdomo kinaweza kuvimbiwa.

Yakaanza kuwa meupe. Kwanza ncha, halafu mwili mzima, yote matano. Mimi mtu wa nguo, nyeupe kwangu ni safi. Nilifurahi, nikasema yametakata, uchafu wa ndoo umetoka. Kadi za simu zilikuwa adimu siku zile, lakini niliitafuta moja mpaka nikaipata, nikakupigia ili nikupe habari njema.

"Yamekuwa meupe yote, shem," nilikwambia. "Meupe kama shati la ubatizo."

"Yote?"

"Yote matano."

Ukasema, "Asante sana, Mueni. Umefanya kazi kubwa. Mungu akubariki." Ukauliza kama nina unga. Nikasema ninao. Ukaniaga vizuri.

Baada ya siku kumi hivi yalianza kutoa utelezi na harufu. Niliyafunga kwenye ile leso nikayazika nyuma ya nyumba za ploti yetu, na nikalia, maana nilikuwa sijalia tangu fujo zianze Desemba. Nilikutumia ujumbe kwamba yamekufa. Ulijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Baadaye nikasikia umepata kazi Thika, kisha umeoa, na nilifurahi, hilo sikudanganyi. Kila Pasaka unanitumia salamu zile zile unazowatumia watu wote, "kwako na familia yako," na wewe unajua familia yangu ilikuwa nani.

Ningeyaacha hapo. Ila mwaka jana nilipeleka mapazia kwenye ofisi moja mjini, na mapokezini palikuwa na tangi kama la Lavington. Kijana aliyekuwa anasafisha kioo alipenda kuongea. Nikamuuliza kwa nini matumbawe huwa meupe. Akaniambia ndani yake huishi vijimea vidogo sana ambavyo ndivyo hulipikia tumbawe chakula, na mwanga ukizidi ghafla, tumbawe huvitupa nje na kubaki jeupe tupu. Nikasema basi ndiyo limekufa. Akasema hapana, mama, hapo bado liko hai, lina njaa tu. Ukipandisha taa juu na kupunguza saa, vijimea hurudi polepole. Ukiwahi, alisema, linapona.

Nilikaa kwenye kiti cha wageni na mapazia yao mapajani. Yalikuwa hai siku niliyokupigia. Na wewe ulijua, hakuna mtu Nairobi nzima aliyejua kuliko wewe. Neno moja tu lingetosha: pandisha. Ningepanda kile kiti na simu ikiwa bado sikioni.

Nimejaribu kukutetea. Nimesema labda ulinihurumia, mwanamke peke yake Gatina na siku zile mbaya. Labda ulikuwa umechoka kupenda kitu cha kubebwa kwa ndoo. Lakini mtetezi wako ndani yangu hushindwa kila mara kwenye ile "Mungu akubariki." Mtu aliyenigombeza mpaka chai ikapoa kwa sababu ya pasi tu, sasa nimeharibu kila kitu, naye ananishukuru. Ulinisemesha vile wale majirani watatu walivyokusemesha. Uliniweka pamoja nao, shemeji, upande wa watu ambao hugombani nao tena, na mimi nilikuwa nakuchotea maji.

Kosa langu ni langu na ninalikiri: nilishusha taa, nikaua. Lako ni kwamba uliniacha niendelee kuiwasha. Sitaki uniombe msamaha. Misamaha ilitolewa mingi mwaka ule, kwenye redio na kanisani, na watu waliendelea kupitana barabarani wakisalimiana vizuri sana.

Namba yangu haijabadilika. Siku ukisoma haya, piga. Usianze na salamu, usiulize habari ya nyumbani, usimtaje Mungu. Anza kunigombeza moja kwa moja, kuhusu taa, kuhusu pete, kuhusu kichwa changu kigumu, na usikate simu mpaka umalize.

Ni mimi shemeji yako, na bado ni shemeji yako,
Mueni