Mashine Isiyofukuza Mgeni

Nyanya mpendwa,

Hodi. Ulinifundisha kwamba barua inayoanza na shida kabla ya salamu ni kama mtu aliyeingia kwa wenyewe na viatu mpaka kitandani. Basi nasalimu kwanza. Sisi huku kusini, La Rochelle, tu wazima. Mama anakusalimu, mikono yake imejaa nywele kama kawaida. Mama Zuhura wa chumba cha mbele naye anakusalimu, anasema tangu uondoke hana mtu wa kutaniana naye. Mimi nimeingia darasa la tisa, na bado naandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kila Jumapili baada ya ibada, kama tulivyokubaliana.

Ukurasa huu ni wako. Kwa kuwa simu ya huko Uvira uliko inashika leo na kukataa kesho, nitausoma mbele ya akina mama wa kanisa siku ya shukrani, kisha mama mmoja anayesafiri atakubebea nakala. Kwa hiyo watu wengi watajua kosa langu kabla yako. Kosa lenyewe ni hili: siku uliyosafiri, kabla hujafika hata mpakani, nilisafisha chumba.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba msafiri hafagiliwi nyuma. Nyumba inaachwa na vumbi lake mpaka habari ije kwamba amefika, la sivyo nyayo zake zinafutika na miguu yake inasahau njia ya kurudi. Nilijua. Nikasafisha. Sasa ni mwezi wa saba tangu uondoke, na hujarudi.

Lakini sikufagia, Nyanya. Nilitumia ile mashine. Ndiyo maana nahitaji uamuzi wako, kwa sababu wewe ndiye uliyeihukumu mara ya kwanza.

Unakumbuka tulivyoanza kuitafuta? Chumba chetu ni kimoja, na Jumamosi kinageuka saluni. Mteja mmoja anainuka, mwingine anakaa kiti kikiwa bado na joto. Vipande vya rasta vinaanguka, vyeusi, vya kahawia, siku moja hata vya buluu. Kila niliposhika ufagio, wewe uliniita kwa ile sauti yako ya mwalimu.

“Mteja iko kwa kiti, weye unafagia? Unamufukuza?”

“Nafagia nywele tu, Nyanya.”

“Ufagio haujue nywele na mutu. Unasukuma vyote kwa mulango.”

Na jua likizama ufagio ulikatazwa tena, maana ungetoa riziki nje. Kati ya mteja wa kwanza na machweo hapakuwa na nafasi. Basi nywele zikajitoa zenyewe. Zilinasa kwenye soksi zetu, zikapita korido, zikaingia jikoni tunakopika kwa zamu na Mama Zuhura, ambaye ndiye aliyekodi nyumba nzima na kutupangisha chumba cha nyuma. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwetu na kikombe mkononi. Kwa vidole viwili alikuwa ameinua uzi mmoja mrefu wa rasta, unadondosha maziwa.

“Jamani, Mama Neema! Mimi nimepika chai ya tangawizi, sijapika chai ya rasta. Mwezi huu ukiisha nikaona unywele mwingine kwenye korido yangu, utarudi kusukia kule kule Joubert Park.”

Mama aliinamisha kichwa. Alikuwa amewahi kusuka kule, nje, wakati wa baridi, akarudi nyumbani na kikohozi kilichokaa mpaka mvua zikaanza. Wewe ukasimama.

“Mama Zuhura, nisikilize miye, nyanya ya huyu mutoto.”

“Mwenzangu, kwetu Tanga nyanya inakatwa kachumbari,” alisema, na nikaona anajizuia kucheka.

“Vijana ya hapa bananiita gogo, ni nyanya kwa luga yabo, na kwetu gogo ni muti wa kuanguka. Weye unaniita kachumbari. Nikikufa mutaandika nini kwa kaburi?”

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini alipomaliza kucheka alirudia, kwa upole safari hii, “Mwisho wa mwezi, Mama Neema.”

Siku hiyo nilichomoa karatasi ya matangazo ya maduka iliyokuwa imefunika meza, nikakuonyesha picha. Mashine nyembamba, ndefu kama fimbo, haina waya. Nikakusomea neno nililolipata kwenye kamusi yako: kifyonza vumbi.

“Kifyonya?” uliuliza.

“Kifyonza, Nyanya.”

“Tangu uko na miaka ine nakukataza kufyonya mbele ya bakubwa. Leo unataka kuleta kitu ya kufyonya bageni ndani ya nyumba?”

Mama alidondosha kitana. Hata mteja aliyekuwa amekaa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alijipiga paja kwa kicheko. Nilikueleza kwamba herufi moja tu inatofautisha mdomo wenye dharau na mashine yenye kazi. Ulifikiri kidogo, ukasema herufi moja si kitu kidogo, tutakwenda kuisikiliza hiyo mashine inavyolia.

Tulikwenda Jumamosi tatu. Nakumbuka ulivyonishika mkono tukisubiri roboti, taa ya barabarani, iwe ya kijani, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kukushika. Katika duka la kwanza, lile lenye ngazi zinazotembea, mashine zilikuwa zimepangwa ukutani zinang'aa. Uligeuza kikaratasi cha bei, ukakirudisha taratibu kama mtu aliyefunua sufuria ya jirani kwa bahati mbaya. “Hizi ni za kufagilia ikulu,” ulisema, tukatoka.

Duka la pili lilikuwa na mashine ya bei nafuu, nyekundu, nzuri. Muuzaji aliiwasha hewani, ikavuma. Mimi nilikwisha kuipenda. Ndipo ulipofungua mkoba wako, ukatoa bahasha ya kanisa, ukamwaga sakafuni unga wa mahindi, maganda ya karanga na konzi nzima ya nywele za Mama.

“Gogo! Gogo, unafanya nini?” kijana wa dukani alipiga kelele.

“Namupatia chakula. Ngojea tuone kama anakula.”

Unga uliliwa. Karanga ziliruka huku na huku. Nywele zilijizungusha kwenye brashi mpaka ikakabwa, mashine ikanuka kama plagi inayoungua na kunyamaza. Niliona aibu, Nyanya, naomba radhi. Nilisogea pembeni nikajifanya natazama pasi. Wewe ulipiga magoti kwenye vigae, ukachomoa nywele kwenye ile brashi uzi kwa uzi mpaka ikazunguka tena, ukamrudishia kijana mashine yake na kumshukuru. Njiani uliniambia, “Kitu ya bei kidogo si mbaya. Mbaya ni kitu haijue kazi ya nyumba yako.”

Tangu hapo nilijua tunatafuta nini. Brashi iwe inachomoka ili nywele zikatwe kwa mkasi. Waya usiwepo, kwa sababu soketi yetu ni moja, ina birika la kuchovyea ncha za rasta na mashine ya kukaushia, na waya ungepita miguuni mwa wateja. Tena umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, na nywele hazisubiri zamu. Niliyaandika haya nyuma ya daftari la hisabati, na wewe ukasahihisha tahajia.

Jumamosi ya tatu tuliipata Rosettenville, kwa fundi Mmalawi anayetengeneza vitu vilivyotupwa na kuviuza tena. Ilikuwa ya kijivu, imekwaruzika, kishikio kimefungwa utepe. Ulimwaga bahasha yako. Ilimeza unga, ikameza maganda, na nywele zilipoikaba fundi alibonyeza kitu, brashi ikatoka kama jino la mtoto.

“Betri yake imechoka, Gogo, nisikudanganye,” alisema. “Inafanya kazi muda mfupi tu.”

“Mufupi namna gani?”

Aliiacha ivume. Wewe ulifumba macho, vidole vyako vikasuka hewani. Ilipozima ulifumbua macho ukatangaza, “Misuko mitatu, toka kwa sikio mpaka kwa shingo. Inatosha.” Fundi hakuelewa, ila bintiye aliyekuwa nyuma ya kaunta alielewa, akagusa nywele zake. Ndivyo ilivyoshuka bei. Mama alimsuka yule msichana mara mbili, na mashine ikawa yetu.

Jumamosi iliyofuata nilisimama nayo katikati ya chumba, mteja yuko kitini, Mama ameshika kitana, na sote tunakutazama wewe kana kwamba tuko barazani kwa hakimu. Mteja alikuwa Mama Furaha wa kwaya.

“Mnanifukuza?” aliuliza, nusu mzaha.

Ulinyanyuka ukaishika mashine, ukaiwasha, ukaisogeza kwenye nywele zilizokuwa karibu na miguu yake. Zikaondoka. Ukazima.

“Ufagio unasukuma kwa mulango,” ulisema. “Hii haisukume. Inavuta kuja kwetu, na inaweka ndani. Mutu mwenye kuvutwa ndani hafukuzwe. Kaa, Mama Furaha.”

“Basi nivuteni na soda,” alijibu, na akapata.

Mwisho wa mwezi Mama Zuhura alipita kwenye korido na soksi nyeupe, makusudi, akiburuza miguu. Alipofika kwetu aliinua wayo mmoja, akautazama, akainua wa pili. Halafu akaingia na kukaa kwenye kiti. “Sasa mimi mnanisuka lini?”

Nimeyakumbuka haya yote ili uone kwamba siku ile sikufanya kwa dharau.

Ilipokuja habari kwamba dada yako ameanguka na hawezi kutembea, hukukaa kufikiri. Ulifunga mizigo chumbani humu, ukikaanga karanga za njiani na kuzimenya. Maganda yake mekundu yalitapakaa sakafuni. Tulikusindikiza Park Station asubuhi. Basi lilipokunja kona Mama alitembea haraka mbele yangu ili nisimwone uso.

Tulipofika nyumbani bibi harusi alikuwa anamngoja Mama mlangoni ili asukwe, na harusi ilikuwa kesho yake. Mama alisimama akatazama yale maganda. Hakusema “safisha” wala “acha”. Alitazama tu, akiwa na mkoba begani, na nikaona kwamba kama maganda yale yangebaki pale asingeweza kusuka hata msuko mmoja. Nikachukua mashine. Misuko mitatu, ikazima. Sakafu ilikuwa safi, na Mama akasema, “Karibu, bibi harusi, kaa.” Mimi nikatoka uani na mashine yangu, na hapo ndipo nilipokumbuka uliyosema juu ya msafiri.

Nilipofungua kikombe chake cha vumbi, Nyanya, ulikuwemo. Maganda yako ya karanga. Uzi wa kijani wa kitenge chako. Ganda la tangawizi. Unywele mmoja mweupe, na katika chumba chetu hakuna mwingine mwenye nywele nyeupe. Jalala lilikuwa mbele yangu, hatua mbili. Nilishindwa kumwaga.

Nilivitia vyote katika kopo la maziwa ya unga, nikafunika, nikaliweka juu ya kabati. Siku ya nane habari ilikuja kwamba umefika. Mama aliimba akipika. Mimi nilifurahi, kisha nikaanza kuhesabu upya, kwa sababu kufika ni nusu tu ya lile ulilolisema, na kurudi ndiyo nusu ya pili.

Nimelifikiria muda mrefu. Najua wasichana wa darasani kwangu wangesema vumbi ni vumbi. Pengine ni kweli. Lakini wewe ulisema mbele ya mashahidi watatu kwamba mashine hii haisukumi mlangoni, inavuta ndani na kuweka. Ukisema hivyo kwa miguu ya Mama Furaha, naomba useme hivyo kwa miguu yako pia. Sheria ikiwa yako, usiibadilishe ikifika zamu yangu.

Mama alipata ujumbe juzi kwamba dada yako sasa anatembea mpaka kisimani na kurudi. Hakuniambia zaidi. Lakini Jumamosi hii nilimwona anafua lile shuka lako la maua, ambalo halikuwa chafu, na mashine imehamishwa kutoka kwenye pembe uliyokuwa ukiegemeza mkongojo wako. Niliiegemeza upande wa pili, pembe yako ikabaki wazi.

Betri imechoka zaidi. Siku hizi inafika misuko miwili na nusu, hivyo naanza karibu na kiti na kuishia mlangoni, na mara nyingi sifiki mlangoni. Hapo mlangoni pana vumbi kidogo. Nimeliacha.

Kopo liko juu ya kabati. Sitalimwaga mimi, wala Mama. Utakapokuja utalishusha mwenyewe, utalitoa nje kwa mkono wako, mchana, hakuna mgeni kitini, kama inavyotakiwa. Mpaka siku hiyo hujaondoka kabisa katika nyumba hii.

Nakuaga kwa kusimama mlangoni, si kwa kuufunga.

Mjukuu wako,
Neema