Nyekundu Tatu, Nyeupe Mbili

Kashan, 9 Mehr

Kwa wifi yangu Golandam,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwa kaka yako. Hujambo? Magoti yanasemaje? Masikio siulizi, najua yamekufa, ndiyo maana naandika. Kukupigia wewe simu ni kuhutubia kisima.

Mimi mzima wa mwili, ila nina jambo, na nisipokuambia wewe nitamwambia paka. Mwezi uliopita niliwasha samawari ya chai, nikatoka kununua mkate, nikakutana na watu, maneno yakanoga, nikasahau. Maji yakakauka, pazia likashika moto. Jirani ndiye aliyeuzima. Kiumars wangu akaja mbio kutoka Tehran, akanipeleka kwa daktari. Daktari akanitajia maneno matano niyakumbuke, nikakumbuka mawili. Akasema ni usahaulifu unaoanza, bado mchanga. Basi mwanangu amekata shauri: mwaka mpya wa Nairuzi ukifika, miezi sita tu ijayo, nihamie kwake, ghorofa ya nane. Golandam, niishi hewani kama njiwa? Humu marehemu kaka yako aliniingiza nikiwa bibi arusi, na humu nitatoka nimebebwa.

Daktari amenipeleka kwa mwalimu, Bi Nahid, anayefanyisha mazoezi akina mama wazee bustanini kila asubuhi. Si kurusha mikono tu. Unatembea huku unahesabu kurudi nyuma, unainua goti huku unataja matunda. Anasema miguu na kichwa vifanye kazi pamoja. Haiponyi, amesema wazi, lakini huenda ikatusaidia kukishikilia kilichopo. Siku ya kwanza nilipotaja komamanga miguu ikagoma. Nilipotembea, matunda yakanipotea. Wenzangu walicheka, nikacheka nao, kisha nikaja kulia nyumbani.

Lakini nimepata akili. Si mimi niliyekuwa nikiwaitia nakshi, rangi baada ya rangi, kwenye mtambo wa mazulia wa baba mkwe, ninyi mkifunga mafundo? Nitatembea nikiliita zulia letu la zamani. Nyekundu, hatua kulia. Nyeupe, mbele. Kahawia, inua goti. Mimi sihami.

Wifi yako mkaidi,
Turan


Ahvaz, 26 Mehr

Kwa Turan, mke wa kaka yangu,

Wa alaikum salamu. Magoti yananung'unika, na vumbi la huku tunalitafuna pamoja na wali. Tumshukuru Mungu.

Zulia lenyewe si lile lenye swala wa miguu mitano? Uliita ovyo, sisi tukafunga tulichosikia, na baba, Mungu amrehemu, alicheka hadi akakabwa na chai. Leo unataka kulitembea! Haya, tembea, lakini angalia mguu wa tano usije ukakukwaa.

Sasa tuache utani. Kiumars ameniandikia. Anasema, "Shangazi, wewe humwonei mama haya. Niambie kweli kama anaweza kuishi peke yake, nami nitafuata neno lako." Umesikia? Neno ni langu. Nami nakuambia usoni: sitakudanganyia. Pazia liliungua, Turan. Nikiona huwezi, nitapanda treni nije nikufungie mizigo mwenyewe, hata ukinitukana hadi kituoni.

Wifi yako,
Golandam


Kashan, 14 Aban

Kwa hakimu wa Ahvaz,

Salamu, na tunda la komamanga liwe juu yako, maana nimekoma kulisahau. Wewe na wanao hamjambo?

Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaisoma tena. Sawa. Heri hakimu mwenye ulimi mkali kuliko mwanangu anayenisemesha kama mtoto mchanga. Na yule swala mlimharibu ninyi. Mimi niliita miguu minne, na ndege wa bustani walisikia.

Nimelitembea zulia letu mbele ya Bi Nahid tangu ukingoni hadi katikati, miguu haikusimama hata mara moja. Nikasimama kiburi kimenijaa. Akapiga makofi, halafu akasema, "Mama Turan, hili unalijua tangu ujana. Ni kama kupita njia ya kwenda msalani kwako. Kichwa kinataka njia mpya." Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikaona ana haki.

Kwa hiyo nitungie nakshi mpya. Unitumie kidogo kidogo, nami nitaijifunza kwa miguu. Mstari wangu ukiuona umenyooka utamwambia Kiumars.

Wifi yako,
Turan


Ahvaz, 1 Azar

Kwa Turan,

Salamu. Joto limepungua, nami nimefufuka kidogo.

Nakubali, kwa masharti. Usichore popote. Ukishahifadhi, barua mpe Bi Nahid aifungie. Nakshi ikiisha nitakuuliza swali moja tu, na jibu lako ndilo nitakalompa mwanao. Zulia huanzia chini, nawe unajua. Ukingo ni nyekundu tatu, nyeupe mbili, rudia hadi mwisho. Kisha mstari huu, uuite mara nne, mmoja juu ya mwingine:

Nyeupe mbili, kahawia moja. Nyeupe tatu, kahawia moja. Nyeupe tatu, kahawia moja. Nyeupe tatu, kahawia moja. Nyeupe tatu, kahawia moja. Nyeupe mbili.

Shangazi wa mwanao,
Golandam


Kashan, 22 Azar

Kwa wifi yangu,

Salamu sana. Mgongo unaniuma lakini moyo hauniumi. Wewe je?

Ee Mungu, mstari wako umenitoa jasho! Kahawia inakuja, goti halijui kama ni zamu yake. Juzi nilijikwaa, Bi Nahid akanidaka kwa mkanda wa koti. Wenzangu sasa wameacha kucheka, wanaitikia kama ninyi mlivyokuwa mkiitikia: mimi "kahawia moja", wao "imefungwa!" Bustani nzima inatutazama. Mzee mmoja aliuliza kama tumepandwa na majini. Nikamwambia ndiyo, na yanataka mazoezi.

Hivi vitu vilivyosimama wima ni mashina ya maua, eti? Lete vinavyofuata.

Wifi yako,
Turan


Ahvaz, 6 Dei

Kwa Turan,

Salamu. Acha kuchungulia, tembea. Yafuatayo ni kahawia tupu, mistari mitatu, ncha zake nyeupe. Halafu upande wa kushoto kahawia inapanda peke yake kama shingo ya birika. Nimekuandikia yote kwenye karatasi ya pili.

Kaza mwendo, Nairuzi haisubiri mtu.

Golandam


Ahvaz, 10 Bahman

Kwa Turan,

Hujambo kweli? Mwezi mzima kimya. Kiumars ameniandikia kwamba ulipotea ukitoka kwa mwokaji, mtaa wako mwenyewe, na kwamba amekwisha kukuandalia chumba. Niambie wewe. Sitaki kuisikia habari yako kwa watu.

Golandam wako


Kashan, 17 Bahman

Kwa wifi yangu,

Salamu. Niwie radhi kwa kimya. Wewe ni hakimu, na mshtakiwa alikuwa anaona aibu.

Ni kweli. Nilitoka kwa mwokaji nikiwa na mkate wa moto mkononi, theluji inaanguka, kila kitu cheupe, na mtaa ukawa si wangu. Niliogopa, Golandam. Nikajiambia, simama, anza na unachokijua. Nikaanza kuita mstari wako, polepole, na kuinua goti pale pale, mkate kwapani. Mtoto wa mwokaji akanionea huruma akanifikisha mlangoni. Sikufika mwenyewe, sitakudanganya. Lakini sikulia, na kesho yake nilikwenda bustanini.

Sasa mwokaji ananiletea mkate nyumbani, theluji ikianguka sitoki peke yangu. Basi, umesikia kwangu. Nitumie mistari iliyobaki au unifungie mizigo. Mimi niko tayari kwa la kwanza tu.

Wifi yako,
Turan


Ahvaz, 28 Bahman

Kwa Turan,

Salamu, nakubusu macho yote mawili. Barua yako nilimsomea binti yangu, tukalia, kisha tukacheka kwa ajili ya mkate.

Mistari ya mwisho iko humu ndani. Juu kabisa, kushoto, ni nyeusi mbili zinazopanda zikiachana. Ukishaitembea, jibu swali langu: umefuma nini? Usikimbilie kujibu.

Golandam


Kashan, 15 Esfand

Kwa Golandam, binti ya baba mkwe, mjanja kuliko mbweha,

Salamu kwa wote, mimi mzima, mzima, mzima!

Nilikuwa natembea mistari yako ya mwisho. Nikafika kwenye nyeusi mbili, nikasema, hizi ni pembe. Kama hizi ni pembe, basi ile iliyopanda ni shingo, na kahawia tupu ni kiwiliwili. Nikaendelea kutembea. Na kama kile ni kiwiliwili, yale mashina niliyoyainulia goti tangu Azar si mashina. Nikaanza upya chini, pale bustanini, nikiita kwa sauti. Goti moja, la pili, la tatu, la nne. La tano.

Nilipiga ukelele, Bi Nahid akadhani nimevunjika nyonga.

Umenifumisha swala, wewe mwanamke usiye na haya, na umempa miguu mitano!

Wifi yako,
Turan


Ahvaz, 24 Esfand

Kwa wifi yangu Turan, wa Kashan, anayebaki Kashan,

Salamu za Nairuzi. Panda ngano yako kwenye sahani kama kila mwaka mpya, uiweke dirishani mwako mwenyewe.

Nimemwandikia Kiumars. Nimemwambia mama yake alishika mguu mmoja uliozidi kwa miezi mitatu bila kuuandika, na alipopotea aliniambia mwenyewe. Mtu anayejua anachokisahau anaweza kuishi kwake, akiwa na jirani mwenye ufunguo na samawari ya umeme inayojizima. Hilo la samawari ni amri, usinibishie. Mwakani nitakuuliza tena, na tena sitakudanganyia. Amekubali, ila kanuna. Ni damu yenu.

Mistari ya zulia jipya nimeiweka humu. Mimi nami nimeanza kuitembea ukumbini, binti yangu akiitikia. Leo nimefika mstari wa pili.

Na yule swala wa kwanza, wa baba, kosa lilikuwa lako.

Wifi yako hadi kaburini,
Golandam