Mashini Isiyohesabu Ng'ombe

Nyakasanza, Bunia
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na Mama Dorothée, na wote wanaolala ndani ya uzio wako, wa miguu miwili na wa miguu minne. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Na Bihogo, bado anampiga teke kila anayemkamua? Mimi ni mzima, ninakula, ninalala, hata nimenenepa kidogo, Mama atafurahi. Barua hii inaletwa na Baba Mdogo Gaspard mkono kwa mkono, kwa sababu simu zangu huzipokei. Nimemwomba asiondoke mpaka uimalize, kwa hiyo mpatie chai, maana maneno ni mengi.

Habari yenyewe ndiyo hii: Ijumaa nilitetea kazi yangu ya masta mbele ya juri la maprofesa, na nimepita. Tena sikupita kwa kusukumwa mgongoni. Nimepata alama ambazo hakuna mwingine wa mwaka wetu aliyezipata. Niache nijisifu kidogo, Baba. Tabia hiyo nimeitoa kwako, maana ng'ombe wako akizaa pacha parokia nzima inapata habari kabla ya ndama kusimama.

Ninakumbuka asubuhi niliyokuja kukuaga. Ulikuwa unafunga kamba ya lango, hukugeuka, ukasema, "Unaenda kusoma kuongea na mashini. Na siye batu ya hapa, nani ataongea na siye?" Nikapanda pikipiki, na tangu hapo hatujazungumza tena. Kimya hicho kimeniuma kuliko mtihani wowote niliofanya hapa, na ninakwambia wazi kwa sababu nimechoka kujifanya hakiniumi.

Basi leo nikueleze nilichokuja kusoma. Nusu yake ni namna mtu na mashini wanavyoelewana. Nusu nyingine ni akili ya mtu: anavyokumbuka, anavyotambua, anavyoamua. Wengi hapa walichagua mambo ya benki na mambo ya hospitali. Mimi nilichagua ng'ombe. Walinicheka, na Bruno, mwenzangu kutoka Kisangani, aliniita Mama Maziwa mwaka mzima.

Kulikuwa na namba ya simu ambayo wafugaji wanaweza kupiga bila malipo mnyama akiugua. Anayepokea siyo mtu, ni mashini. Inauliza kwa Kiswahili, inasikiliza, kisha inampelekea mganga wa ng'ombe ujumbe aende. Kitu kizuri, lakini hakikufanya kazi. Watu walikuwa wanapiga, na baada ya swali la kwanza wanakata. Wengine walisema ni mtandao mbaya. Bruno aliamini wazee wanaogopa sauti isiyo na mwili. Profesa Lucien, anayeniongoza, alinipa kazi ya kutafuta sababu.

Niliposikia hilo swali la kwanza nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Mashini ilikuwa inauliza: una ng'ombe wangapi?

Unaona, Baba? Aliyeitengeneza alitoka mbali, kwake hilo ni swali la kawaida. Ningemwuliza mtu wa kwetu swali hilo, angefikiri nimetumwa na wezi. Hata bila wezi, kwetu nani anahesabu ng'ombe kwa kinywa? Ni kukiita kifo kije kuchagua. Nilipokuwa mdogo niliwanyooshea kidole, moja, mbili, na wewe ukanipiga kwenye vidole kabla sijafika tatu.

Lakini mtu asiyehesabu hakosi kujua. Hayo ndiyo niliyowaandikia. Jioni unasimama langoni, wanapita mbele yako wakisukumana, na kabla wa mwisho hajaingia umeshasema kwamba Gaju amebaki kule kwenye maji. Kichwa chako hakishiki namba, kinashika nyuso, rangi, na nani hutembea nyuma ya nani. Kwa hiyo nilibadilisha mazungumzo yote. Sasa mashini inasalimia, inauliza habari za nyumbani, kisha inauliza: jioni hii nani hajarudi vizuri? Inasubiri jina na rangi, inauliza anaumwa nini, na mwisho inauliza kama kuna mwingine. Sauti tuliyoweka ni ya rafiki yangu Débora wa mtaa wa Lumumba, maana yangu ni kali.

Watu wakaanza kuongea. Mama Faida mmoja aliisimulia mashini ukoo mzima wa ng'ombe wake kabla ya kutaja kwato linalouma, na mganga alifika kesho yake.

Kwenye juri kulikuwa na Profesa Evariste, mgeni, mtu wa hesabu. Alisema kazi yangu ni desturi za nyumbani zilizovalishwa suti, na kwamba watu hawawezi kumwamini mganga wa chuma. Akataka nimsikilizishe sauti ya mfugaji mmoja anayeiambia mashini jambo la moyoni, bila hivyo hataweka sahihi. Rekodi ya namna hiyo nilikuwa nayo, moja tu, na Profesa Lucien, niliyemwambia tu kwamba ipo, alikuwa akinitolea macho niitoe. Nilijibu kwamba mwenyewe hajaniruhusu kuisikilizisha watu. Nikaweka ya Mama Faida, nikaweka na nyingine, nikasimama kutetea kila ukurasa mpaka koo likakauka. Walitoka, wakarudi, na wa kwanza kunipa mkono alikuwa Profesa Evariste. Martine, jirani yangu, alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nikwambie kuhusu ile rekodi. Ni yako, Baba.

Sisikilizi simu kwa kutafuta watu, na hakuna jina linaloandikwa. Nilikuwa kazini mchana nikipitia rekodi, zamu ya hiyo simu ikafika, nikasikia mtu akikohoa kama unavyokohoa kabla ya kusoma somo kanisani. Ulitaja Gaju na mguu wake uliovimba. Mganga Stéphane aliyekuja, najua ulifikiri ametumwa na padri, kumbe ni ile simu yako iliyomwita. Kisha mashini ikakuuliza kama kuna mwingine ambaye hajarudi. Ukasema, "Iko Falone. Ule haiko ng'ombe, iko mutoto yangu."

Mashini haikujua la kufanya, ikaendelea na swali lake. Ikauliza Falone anaumwa nini.

Na wewe ukajibu, "Yeye haumwi. Miye ndo naumwa."

Baba, nililia mbele ya Bruno, na tangu siku ile hajaniita Mama Maziwa. Ile simu haijasikiwa na profesa yeyote wala haitasikiwa. Mashini niliyoifundisha mwenyewe ilikosa jibu la kukupa, ikakushukuru na kukata. Jibu ni langu, kwa hiyo ninalileta kwa miguu yangu. Jumamosi ninapanda kuja huko, na nitakaa mpaka tuongee yote, hata kama utaanza kwa kunigombeza.

Mpe Mama salamu, mwambie asichinje kitu, mboga zinatosha, ingawa najua hatasikia. Wasalimie majirani na wote wanaoniuliza. Mungu awalinde siku zote mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi, mtoto wako anayekupenda,
Falone