Ndiva ya Eliamini

Jumapili, 1 Juni

Ibada, makande, kisha meza ya sebuleni. Dadu, penseli, karatasi. Kama Jumapili zote. Upepo wa Same unapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti.

Leo mdogo wangu Eliamini amerudi mezani. Mara ya kwanza tangu pikipiki imwangushe kwenye kona za kushuka kutoka Vudee, kijijini kwetu mlimani, kichwa kikapiga jiwe. Daktari anasema atapona polepole. Kuhusu kumbukumbu hakuahidi kitu.

Mimi ndiye mwendeshaji wa mchezo. Nasimulia nchi ya kubuni na matatizo yake, Eliamini na rafiki zetu Hoza na Nakijwa wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu zinahukumu. Hoza ni mpiganaji: anapiga panga, basi. Nakijwa ni mwizi. Eliamini ni mchawi, ila Mama ni mzee wa kanisa na hataki neno hilo nyumbani kwake, kwa hiyo tunamwita Mjuzi. Mjuzi ana matamko zaidi ya thelathini, kila moja na nguvu yake. Kukipambazuka mchezoni anachagua machache ya kubeba. Akilitumia moja, limekwenda. Zamani Eliamini alikuwa nayo yote kichwani, na alitukera kwa kutusahihisha.

Leo daraja lilikuwa linawaka, Hoza yuko juu yake. Zamu ya Eliamini. Akafunua karatasi. Akafunua tena. Jasho puani. Mwishowe akachagua tamko la kuongea na ndege.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumanne, 3 Juni

Dukani siku nzima, nauza mbegu na kuwaza. Nimepata dawa. Nitamtengenezea Mjuzi mwepesi. Tamko moja tu: moto. Haliishi, halichaguliwi. Herufi kubwa, karatasi moja. Nimejipongeza kwa soda.

Jumapili, 8 Juni

Nimeharibu.

Aliisoma ile karatasi, akaiweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Dada, hii ni ya mtoto." Akaingia chumbani. Mchezo ukaishia hapo.

Hoza akasema mbona mpiganaji wake naye ana kitu kimoja na hajawahi kulalamika. Kweli. Lakini Hoza alijichagulia. Eliamini amechaguliwa na mimi, mbele ya watu. Najichukia leo.

Jumatano, 11 Juni

Hatoki chumbani. Hali chakula vizuri. Mama anaomba mlangoni, yeye anaitika amina na hafungui.

Nimempigia baba mdogo wa Vudee. Shikamoo, marahaba, habari za mgonjwa. Akasema mleteni huku, msimu wa kumwagilia umeanza, mikono inahitajika. Mama amekubali haraka mno. Na mimi pia. Tumechoka, ndio ukweli wenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Simu ya baba mdogo.

Kule maji ni ya ndiva, bwawa la mawe na udongo walilochimba mababu. Usiku linazibwa lijae, asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka mferejini kwa zamu, ukoo hadi ukoo, mpaka kwa watu wa chini kabisa. Mpare utamnyang'anya vingi akakusamehe. Zamu ya maji, hapana.

Eliamini kazibua siku isiyo yetu. Alisahau. Maji yakaingia kwenye maharage yetu yakaishia humo, na Mama Nanzia, mjane wa shamba la chini, mahindi yake yakakosa. Wazee wamekaa. Baba mdogo akamtetea: kijana mgonjwa, kichwa chake hakipo sawa, msameheni. Eliamini akasimama akasema, "Nimezibua mimi. Niadhibuni kama mtu mzima."

Wamempa adhabu. Azoe tope la ndiva, peke yake.

Mama analia. Mimi nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 19 Juni

Simu haipatikani, mtandao wa mlimani. Nimemfokea mteja aliyeuliza bei mara mbili. Ugali umeungua. Nachukia pikipiki. Nachukia dadu. Je, akiteleza mle ndani?

Jumamosi, 21 Juni

Amerudi. Amekonda, tope kwenye kucha. Amekula sahani mbili. Halafu akaomba bakuli na maharage makavu. Sikuuliza ya nini. Nimeshajifunza kunyamaza, kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Ameweka bakuli katikati ya meza. Akaeleza mwenyewe, polepole, maneno mengine akiyatafuta. Bakuli ni ndiva. Maharage ni maji. Mjuzi wake mpya habebi matamko. Anasema tu anataka nini kitokee, mimi nataja gharama: jambo dogo harage moja, kubwa mengi. Yakiisha yameisha, mpaka alale bwawa lijae tena. Nakijwa akamwuliza kama hataisahau. Akasema, "Nimezoa tope lake. Siwezi."

Nilidhani ni rahisi. Ni rahisi kubeba. Kugawa ndiyo kazi. Niliwapa kijiji chenye kiu, moto mlimani, majambazi njiani. Eliamini alitokwa jasho lile lile puani, lakini leo alikuwa anafikiri, hatafuti. Harage hapa, matatu pale. Mwishoni mpiganaji wa Hoza kalala chini, anavuja damu, bakulini yamebaki mawili, na mawili yanatosha kumwinua.

Eliamini akakataa. "Hayo ni ya watu wa chini."

Hoza kawaka. Mpiganaji aliyemcheza miaka minne! Nakijwa akamfunga jeraha kwa kitambaa, dadu ikamhurumia, kaponea tundu la sindano. Bado Hoza amenuna, ameondoka bila kuaga Mama.

Mimi sikuwa nimeweka mtu yeyote huko chini mchezoni. Sasa imebidi nimweke.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi Eliamini amekosea jina langu, ameniita Nakijwa. Nimeitika.

Nikamwuliza tumfanyeje Mjuzi wa zamani. Akachukua zile karatasi za matamko. Akaniomba nimwonyeshe tamko la ndege ni lipi. Nikamwonyesha. Akalisoma, akatabasamu, akasema mzee yule tumpumzishe. Nimeziweka kabatini, chini ya mashuka. Nililia kidogo nikiwa nimeinama.

Mama amekuta bakuli mezani na maharage mawili ndani. Akataka kuyatupia kwenye makande.

Nimemwambia ayaache, yana mwenyewe. Ameyaacha.